Diski haijafa, imekosa kujibu swali moja

Wasee, hii ni ndefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza. Kama una diski ya nje imelala kwenye droo kwa sababu siku moja kompyuta ilikataa kuiona, andiko hili ni lako. Na kama yako inafanya kazi poa, bado ni lako, kwa sababu hata yangu ilikuwa inafanya kazi poa mpaka ile dakika iliacha.

Wale wamenifuata kitambo wanajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Karo ikaleta shida, nikabaki na mdomo na kamera ya kuazima. Desemba 2023 nikaenda ushago Nyeri, nikaweka hiyo kamera mbele ya shosho, nikamwomba anisimulie miaka ya Hali ya Hatari. Akaniangalia, akauliza, "Kwani si wewe uliacha shule? Sasa unataka mimi ndio nikufundishe?"

Halafu akafundisha. Alikuwa msichana wa miaka kumi mwaka wa 1954, serikali ya mkoloni ilipoanza kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka mashamba yao. Zaidi ya watu milioni moja waliingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800, vijiji vya kulindwa na askari, vingi vimezungushiwa mtaro ambao wanakijiji wenyewe walilazimishwa kuuchimba. Kwa notisi zangu za chuo hiyo ilikuwa aya moja. Kwa shosho ilikuwa saa moja na nusu, video nne.

Nikarudi Nairobi, nikahamisha video zote kwenye diski ya nje ya terabaiti 1, nikafuta kadi ya kamera kwa sababu nilikuwa na kazi ya harusi wikendi hiyo. Mwezi wa tano 2024 shosho akatuacha. Sikuwa nimehariri hata dakika moja. Baada ya mazishi niliogopa kuzifungua, nikajiambia nitazifungua tu, ziko pale.

Agosti, usiku, nahamisha harusi nyingine kwa diski hiyo hiyo. Betri ya laptopu yangu ilikufa kitambo, inaishi kwa chaja. Stima ikapotea. Iliporudi nikawasha, nikachomeka diski. Taa yake ndogo ikawaka. Kwenye skrini, hakuna kitu.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi tao. Akaichomeka kwa mashine yake na kebo yake, na mashine ikaleta ujumbe kwamba diski inafaa kufomatiwa ndio itumike. Akaniambia, "Hii ni ya kufomati tu boss, dakika moja." Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilimshika mkono. Sikuwa najua lolote la maana kuhusu diski. Nilijua tu shosho yuko mle ndani, na huyu anataka kubonyeza ndiyo.

Nikarudi nyumbani nikafanya kitu kimoja ambacho chuo kilinifunza kabla niondoke: ukikwama na kitu, uliza kilianza aje.

Kuchimba kama Gedi

Mwalimu wetu mmoja alipenda mfano wa Gedi, yale magofu karibu na Malindi. Ukichimba, juu unapata vitu vya juzi, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokutana na vya kale. Diski ya nje iko hivyo hivyo. Hakuna mtu mmoja aliyeivumbua siku moja. Ni matabaka, na kila tabaka liliwekwa na watu tofauti, mwaka tofauti, wakitatua shida yao ya wakati huo.

Ukichomeka kebo, kompyuta inashuka tabaka moja baada ya lingine, na kwa kila tabaka inauliza swali. Swali moja likikosa jibu, inasimama hapo. Lakini kwako wewe uliyeketi mbele ya skrini, kila kukwama kunafanana: diski haionekani. Ndio maana watu wanatangaza kifo mapema.

Kwa hivyo kutafuta shida ni kuchimba. Unaanza juu, penye kujaribu ni bure, unashuka polepole. Fundi wangu hakuwa mtu mbaya. Aliruka tu hadi katikati ya shimo akiwa na sululu.

Onyo moja kabla tuanze: weka sikio kwa diski. Ikilia tak, tak, tak, au ikikwaruza, au kama ilianguka kabla ya kukataa, chomoa na usiichomeke tena. Sababu iko kwenye tabaka la chini kabisa, tutafika. Kama imenyamaza au inavuma taratibu, endelea na mimi.

Tabaka la juu: kebo, 1996

Hadi katikati ya miaka ya 90, nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu ya kila aina. Printa na tundu lake, kibodi na lake, kipanya na lake. Kuongeza kitu kipya mara nyingi ilikuwa uzime mashine, uweke programu, uwashe tena, uombe Mungu. Mwaka wa 1994 kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, zilianza kutengeneza tundu moja la kutosha vitu vyote. Januari 1996 toleo la kwanza la USB likatoka.

Wazo lilikuwa kama askari wa geti. Kifaa kikifika, mashine inakiuliza kitambulisho. Kifaa kinajibu kwa namba mbili, moja ya aliyekitengeneza na moja ya aina yake, halafu mashine inatafuta draiva, yaani programu inayojua kuongea na kifaa hicho. Haya yote yanaisha kabla umalize kupepesa macho.

Hata hivyo wenyewe waliaibika mwanzoni. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya kompyuta Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani kuonyesha Windows 98. Mwenzake akachomeka skana kwa USB ili watu waone vile mashine itaitambua yenyewe. Skrini ikageuka bluu, mashine ikaganda, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwa hivyo siku diski ikikukatalia mbele ya mteja, usijione wewe ndio wa kwanza.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu diski nyingi sana zinakwama kwa geti hili. USB ilipangwa ikiwaza vitu vidogo kama kipanya na kibodi, na umeme inaotoa ni kidogo. USB 2.0 ya mwaka 2000 inatoa kama miliampia 500 mwisho. USB 3.0 ya 2008 ilipandisha hadi 900. Diski ya nje ina mota ndani, na mota inataka nguvu nyingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Taa inahitaji umeme kiduchu tu. Ndio maana taa inaweza kuwaka vizuri huku mota imeshindwa kuamka. Taa si ushahidi kwamba diski inaishi, na kukosa kuonekana si ushahidi kwamba imekufa.

Kwa hivyo fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote:

Badilisha kebo. Tumia fupi na nzima, na ujue kuna kebo za kuchaji simu ambazo hazibebi data hata kidogo. Chomeka moja kwa moja kwa laptopu, si kwa kile kigawanyaji chenye matundu manne cha bei ya chini. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma. Kama ni zile diski kubwa za mezani zenye waya wao wa stima, angalia huo waya kwanza. Halafu jaribu kwa mashine ya mtu mwingine. Ikionekana huko, shida ni mashine yako: fungua Device Manager, ondoa kifaa hicho kwenye orodha, chomoa, washa mashine upya, chomeka tena ili draiva ijipange.

Kwangu, kebo ilikuwa imepinda karibu na kichwa. Ndio maana nyumbani niliona taa tu, na kwa fundi, na kebo yake, diski ikafika mbali zaidi. Nikabadilisha kebo. Geti la kwanza likafunguka, na mimi pia nikaletewa ule ujumbe wa kufomati. Wacha nikwambie, nilifurahi. Ilimaanisha mashine sasa inaiona. Imekwama chini zaidi.

Tabaka la pili: herufi na ramani, 1974 hadi 1983

Umewahi kujiuliza kwa nini diski ya Windows inaitwa C? A na B zilienda wapi?

Mwaka wa 1974 Mmarekani anaitwa Gary Kildall alitengeneza mfumo wa CP/M kwa kompyuta ndogo za wakati huo, na diski zake zikapewa herufi: A, B. Zilikuwa flopi, zile bapa za kuchomeka na kutoa. IBM ilipotoa kompyuta yake ya watu wa kawaida mwaka wa 1981, mfumo wake wa DOS ulifuata desturi hiyo hiyo. Machi 1983 IBM ikatoa modeli ya XT, ikiwa na diski ngumu ndani, megabaiti 10. Flopi zilishakalia A na B, mgeni akapewa C. Flopi zilikufa, desturi ikabaki. Mpaka leo diski yako ya nje ikiingia Windows inangoja ipewe herufi kama mtu mpya mtaani anayengoja namba ya nyumba.

Na wakati mwingine hapewi. Labda herufi iliyokuwa yake imeshachukuliwa na kitu kingine, labda mashine imesahau. Diski iko sawa kabisa, mashine inaijua, lakini kwenye dirisha la faili haionekani. Fungua programu inayoitwa Disk Management, imo ndani ya Windows yenyewe. Ukiona diski yako imeorodheshwa, ukubwa wake uko sawa, mgao wake unaitwa mzima lakini hauna herufi, bofya kulia uipe herufi. Imeisha. Kuna wasee wametupa diski kwa sababu ya hii kitu ya dakika mbili.

Mwaka huo huo wa 1983 DOS ilianza kuweka ramani mwanzo kabisa wa diski ngumu: sehemu ndogo ya baiti 512 inayosema mgao wa kwanza unaanzia hapa, wa pili pale. Mwisho ni migao minne. Namba zilizotumika kwenye ramani hiyo haziwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2. Kwa watu waliokuwa na megabaiti 10, hiyo ilikuwa kama kupanga maegesho ya magari bilioni moja. Ilipofika siku ya diski za terabaiti 3, ramani mpya ikabidi, inaitwa GPT. Ndio maana diski kubwa ya leo ukiipeleka kwa mashine ya zamani sana inaweza kukataliwa bila kuwa na kosa lolote.

Ramani ikiharibika, Disk Management itakuonyesha diski ya ukubwa sahihi lakini tupu, kama shamba ambalo halijapimwa, au itakuomba ruhusa ya kuianzisha upya. Usikubali. Kilichopotea ni ramani, na ukikubali utachora ramani tupu juu ya ile ambayo labda ingerekebishwa. Na kama ukubwa unaonyesha sifuri, basi shida si ramani, iko chini zaidi, kwa vyuma.

Yangu ilikuwa na ukubwa sahihi, mgao upo, herufi ipo. Lakini penye paliandikwa aina ya mfumo wa faili, kulikuwa na neno moja: RAW.

Tabaka la tatu: lugha, 1977 hadi sai

Hapa ndipo shosho alikuwa amekwama.

Diski haijui faili ni nini. Inajua tu mamilioni ya vijisehemu vyenye namba. Video moja inaweza kukatwa vipande, kimoja huku, kingine kule. Lazima kuwe na daftari la kusema kipande cha kwanza kiko wapi, na baada ya hicho uende wapi. Mwaka wa 1977 Marc McDonald, mmoja wa wafanyakazi wa kwanza wa Microsoft, aliandika daftari la aina hiyo kwa ajili ya flopi. Linaitwa FAT. Toleo lake la miaka ya 90, FAT32, bado liko kwa flashi nyingi, na haliwezi kubeba faili moja ya kuzidi gigabaiti 4. Ile siku ulishindwa kuweka muvi kwa flashi na ilikuwa na nafasi tele, hiyo ndio sababu.

Mwaka wa 1993 Microsoft ikaleta NTFS. Hii ina tabia moja nzuri: kabla ibadilishe daftari, inaandika kwanza pembeni kile inataka kufanya. Stima ikipotea katikati, ikirudi inasoma pale pembeni na kujua ilikuwa imefika wapi. Apple nao wana lugha yao, na kuanzia 2017 ni APFS. Linux wana zao. Windows ikiletewa diski ya APFS haiisomi, na inaweza kukuletea ule ule ujumbe, fomati. Diski mzima, faili zote zipo, lugha tu ndio ngeni. Ukiazimwa diski na rafiki wa Mac, kumbuka hapa kabla hujaharibu urafiki.

Yangu ilikuwa exFAT, ya 2006. Sisi watu wa video tunaipenda kwa sababu inabeba faili kubwa na inasomeka Windows na Mac pia. Lakini haina ile tabia ya kuandika pembeni kwanza. Stima ilipopotea, daftari lilikuwa wazi katikati ya sentensi, na likabaki limeraruka. Vipande vya video havikuguswa. Kilichopotea ni ukurasa wa kusema viko wapi.

Kwa hivyo ule ujumbe wa kufomati, tafsiri yake ya kweli ni hii: "Siwezi kusoma daftari hili. Niandike jipya?" Mashine haisemi diski ni tupu. Ukibonyeza ndiyo, inaandika daftari jipya lisilo na kitu juu ya lile la zamani. Ukichagua njia ndefu badala ya ile ya haraka, tangu Windows Vista, inaandika sifuri diski nzima, na hapo hakuna fundi wala nabii atakayerudisha kitu.

Ukifika hapa, mpangilio ni huu. Kwanza, usiandike chochote kwenye diski hiyo, hata zile amri za kurekebisha, kwa sababu nazo hurekebisha kwa kuandika. Pili, tafuta diski nyingine ya ukubwa huo au zaidi, unakili ile mbovu nzima jinsi ilivyo, kijisehemu kwa kijisehemu. Tatu, fanya kazi kwa nakala. Kuna programu ya bure inaitwa TestDisk inayojaribu kutengeneza ramani na daftari, na pacha wake PhotoRec, ambaye haangalii daftari kabisa. PhotoRec anatembea diski nzima akitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: hapa panafanana na picha, hapa panafanana na video. Anachopata anakipa namba, kwa sababu majina yalikuwa kwa daftari. Na anachookoa kiweke kwa diski tofauti, usije ukafunika kile unachotafuta.

Tabaka la chini: sahani, 1956

Sasa ile sauti. Shuka nami hadi mwamba.

Kabla ya 1956, data ilikaa kwa kadi za kutobolewa na kwa tepu. Ukitaka kitu kilicho mwisho wa tepu, unapitia yote. Kikundi cha IBM mjini San Jose, California, kikiongozwa na Reynold Johnson, kilitaka mashine inayoweza kuruka moja kwa moja hadi penye unataka. Septemba 1956 wakaitoa: RAMAC. Sahani 50, kila moja upana wa sentimita 61, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na mkono unaopanda na kushuka kutafuta sahani inayotakiwa. Ilikuwa na uzito wa tani moja hivi, kampuni zilikodishiwa kwa dola 3,200 kwa mwezi, na ilibeba herufi milioni 5. Hiyo ni kama picha moja ya simu yako.

Hata diski ya kubeba ni ya zamani kuliko unavyodhani. Mwaka wa 1962 IBM ilitoa modeli ya 1311, ambayo rundo lake la sahani liliweza kutolewa na kubebwa mkononi kama keki kwenye kifuniko, kilo nne na nusu hivi. Mashine ya kulisoma ilikuwa ukubwa wa mashine ya kufua. Shida ilikuwa vumbi. Kwa hivyo 1973 wakatoa 3340, ambayo vichwa vya kusoma na sahani vilifungwa pamoja ndani ya kasha moja. Ilibandikwa jina Winchester, kama ile bunduki. Mwaka wa 1980 kampuni ambayo leo tunaijua kama Seagate ikaishusha hadi inchi tano na robo, megabaiti 5, dola 1,500. Kutoka hapo ni kupungua tu hadi ile unatembea nayo kwa bagi.

Wazo halijabadilika tangu 1956: sahani inazunguka, kichwa kinaelea juu yake bila kugusa. Kilichobadilika ni ukaribu. Leo kichwa kinaelea nanomita chache tu juu ya sahani, na unywele wako una unene wa maelfu ya nanomita. Ile tak, tak ni kichwa kinatafuta mahali pake, kinakosa, kinarudi, kinajaribu tena. Kila ukichomeka ili usikie kama bado inalia, unaweza kuwa unakwaruza sahani yenyewe, na penye pamekwaruzwa hakuna programu ya kurudisha. Diski kama hiyo inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na watu wenye vifaa, na bei yake si mchezo. Usiifungue kitandani kwako ukifuata video. Usiiweke kwenye friza. Amua kilicho ndani kina thamani gani kwako, halafu uilipie au uilaze mpaka upate doo.

Yangu ilikuwa inavuma taratibu kama paka. Vyuma viko sawa. Nikapanda tena hadi tabaka la tatu.

Nilichopata

Nikaazima diski ya terabaiti 2 kwa boy wangu mmoja. Kunakili kulichukua usiku kucha, na safari hii nilikuwa nimeazima pia laptopu yenye betri. Kesho yake PhotoRec akafanya kazi hadi jioni, akaniachia maelfu ya faili zenye majina ya namba. Ile harusi ya Agosti ilikuwa bado kwa kadi, nashukuru sikuwa nimeifuta, kwa hivyo mteja hakujua lolote. Nikaanza kufungua video moja moja. Keki. Suti. Mbuzi wa ruracio ya mtu. Siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi nikabofya namba nyingine, na spika ikasema, "Kwani si wewe uliacha shule?"

Nililia, sitadanganya.

Video tatu zilirudi nzima. Ya nne ilirudi dakika 11. Diski ilikuwa karibu kujaa, kwa hivyo vipande vyake vilitawanywa, na bila daftari PhotoRec hakujua kinachofuata kiko wapi. Shosho alikuwa anaeleza vile mama yake alienda kuchimba mtaro kila asubuhi. Akasema siku moja mama alirudi jioni bila jembe, na picha ikaganda. Nimemuuliza mathe. Nimewauliza wajomba. Hakuna anayejua ile jembe ilienda wapi, au ni nini kilifanyika siku hiyo. Mtu mmoja ndiye alikuwa anajua, alinieleza, na mimi ndio nilipoteza.

Hicho ndicho hutakipata kwa fundi yeyote. Nafasi ya kurudia ilikuwepo Januari, Februari, Machi. Sikuhitaji programu, nilihitaji nakala ya pili.

Hata wakubwa wameanguka hapa. Mwaka wa 1998, Pixar wakitengeneza Toy Story 2, mtu alitoa amri ya kufuta mahali pasipofaa, na wahusika wakaanza kupotea kwenye mashine. Wakakimbilia nakala zao za akiba, kumbe hazikuwa zinafanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Filamu iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga, alikuwa akifanyia kazi nyumbani na alikuwa na nakala huko. Ikatoka 1999. Waliokolewa na nakala iliyokuwa nyumba nyingine.

Kwa hivyo sai ninaishi hivi. Kadi haifutwi mpaka faili ziwe mahali pawili na nimezifungua pote pawili, nikatazama mwanzo na mwisho. Diski moja iko kwangu, nyingine iko kwa mathe. Video tatu na nusu za shosho ziko pia kwenye hifadhi ya intaneti. Sichomoi diski kabla ya kuitoa kwa usalama, kwa sababu mashine mara nyingine bado inaandika daftari hata kama umeona imemaliza. Na nilinunua betri.

Sasa enda kwa ile droo. Anza na kebo, usianze na fomati. Halafu niandikie uniambie yako imekwama tabaka gani, tutachimba pamoja. Na kama shosho yako bado yuko, leo jioni mpigie, umwulize kuhusu jembe.